Safari ya Kuionja Meli, na Jogoo wa Kapiteni

Chanzo cha safari hii ni simu. Binti yetu Furaha, anayetunza wazee huko Kanada, alitupigia Jumatatu kutuambia kwamba mimi na mama yake tumetimiza miaka thelathini ya ndoa, jambo tulilolijua, na kwamba anataka kutupeleka likizo kwenye meli, jambo tusilolijua. Meli yenyewe, alieleza, ni kama mtaa wetu mzima wa Kasenga uliowekwa juu ya maji: vitanda, maduka, muziki, watu wa kupika. Haikupeleki popote. Inazunguka baharini siku saba, kisha inakurudisha palepale ulipopandia.

"Sasa bantu banaenda kufanya nini?" nikauliza.

"Kupumzika, Papa. Na siku moja wageni banakula na kapiteni ku meza yake. Munipe jibu siku ya Yenga."

Yenga ndiyo Jumapili. Mama Furaha alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Aliuacha mchi hewani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kutwanga bila kusema neno. Mke wangu akinyamaza hivyo, ujue anakitaka kitu.

Hapa sina budi kuungama. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Runingu, kule bondeni tunakolima mihogo na mahindi, na maji ninayoyaamini ni yale yaliyomo kwenye beseni. Nimeishi Uvira, mji wa kando ya ziwa, maisha yangu yote ya utu uzima bila kupanda hata mtumbwi. Miaka hii ziwa lilipopanda likaingia mpaka barabarani, nilijua kabisa linanitafuta mimi. Mke wangu ni mtoto wa mji wa Baraka, amekulia majini, na siri hii sikuwahi kumwambia. Kila tulipokwenda kwao nilichagua gari, nikidai ni la haraka, hata mwaka ule tulipolala njiani kwenye matope.

Kwa hiyo nikavaa sura ya mtu mwenye busara, nikasema, "Tuonje kwanza. Tuende na boti kwa dada yako kule Baraka. Kama iko muzuri, tutaitika ile ya Furaha." Moyoni nilitumaini mvua na mawimbi vingenisaidia kukataa.

Alhamisi asubuhi, bandari ya Kalundu. Jua liliwaka, ziwa limetulia kama sahani. Nikaona hata hali ya hewa iko upande wa mke wangu.

Kwapani nilikuwa na jogoo. Kwetu bondeni huwezi kwenda kula kwa mtu mikono mitupu, na Furaha alikuwa amesema tutakula na kapiteni. Nikaona kama tunajaribu, tujaribu yote. Boti yetu haikuwa na meza, ilikuwa na mbao za kukalia, magunia ya unga na madumu, lakini kapiteni alikuwako: mtu mfupi mwenye kofia ya sufu na jaketi la kuokolea lililopauka. Nikamkabidhi jogoo.

Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nilidhani atamtupa nyuma na kuniambia asante. Lakini alimpokea kwa mikono miwili, akavua kofia.

"Papa, unatokea wapi?"

"Kasenga. Lakini kwetu ni Runingu."

"Basi unajua maana ya kitu umefanya. Weye aiko abiria tena. Iko mugeni yangu. Utaikala na minye kule mbele."

Nilikuwa nimeshajichagulia mahali pa katikati, kati ya magunia mawili, ambapo mtu angeweza kufumba macho kwa heshima. Sasa nikapelekwa mbele kabisa, kwenye pua ya boti, mahali pa heshima, ambapo hapakuwa na kitu kati yangu na ziwa. Mke wangu akaketishwa nyuma yangu. Jogoo akafungwa miguuni pangu.

Saa tatu tukaondoka. Kapiteni alimwachia mwenzake mota, akaja kuniburudisha kama inavyompasa mwenyeji. Alinionyesha milima ya Burundi ng'ambo. Alinionyesha mahali ambapo ziwa ni refu sana kwenda chini, akaongeza kwamba hakuna mtu aliyeufikia mchanga wake akarudi kusimulia. Nilimshukuru. Jogoo alikuwa amelala. Nilishika ubao mpaka vidole vikafa ganzi, na kila wimbi lililopiga nililijibu kwa Salamu Maria, ingawa mimi ni Mprotestanti.

"Iko muzuri?" mke wangu aliuliza.

"Muzuri sana," nikasema, meno yamefungwa.

Kabla ya adhuhuri boti ikakata kona kuelekea nchi kavu. Tulikuwa Makobola, kijiji cha njiani tu. Sikuelewa, maana hakukuwa na abiria wa kushuka wala wa kupanda.

"Kuku ya mugeni aikuliwake njiani," kapiteni akatangaza. "Nyumba yangu njo hii."

Abiria walipiga kelele. Mama mmoja mwenye madumu ya mawese alisimama juu ya gunia. "Bantu makumi mbili tukawie juu ya kuku ya muntu moja? Kapiteni, weye iko na akili?"

"Akili iko. Shuka, mama, ndagala iko ya bote."

Kwa ahadi ya dagaa, akashuka. Tulishuka wote. Mke wa kapiteni na wakwe zake walitandika mikeka, moto ukawaka, na mimi nikabusu nchi kavu kwa nyayo. Mama Furaha, kama ilivyo desturi yake, alikunja kitenge na kuelekea jikoni. Yule mama mwenye nyumba akamzuia mlangoni.

"Apana, mama. Weye iko bibi ya mugeni. Ikala."

Akakaa. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa mkeka kama mtu anayengoja kuitwa. Hakujua mikono aiweke wapi. Kisha akanyoosha miguu. Kisha akaegemea ukuta, akatazama ziwa, akaanza kucheka na yule mama wa mawese. Chakula kilipokuja nilipewa firigisi, heshima yangu, nikaitafuna yote. Mama wa mawese alipewa shingo, na hakutaja tena habari ya kukawia. Mke wangu alikula polepole, akaongeza bukari, ugali wetu wa mihogo. Sikumbuki nilimwona hivyo lini, na niliona aibu.

Jioni, Baraka. Shemeji yangu alitupokea kwa vigelegele, kisha akaenda sokoni kununua mikeke, samaki wabichi wa ziwani, akatuacha wawili barazani. Nikaona afadhali niseme.

"Mama Furaha, minye naogopaka maji."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa ndoa. Muntu anakaa karibu na ziwa, anaoga mu beseni miaka makumi tatu. Ulifikiri nasema ni nini?" Akacheka, halafu akaacha. "Sikia. Umwambie Furaha apana. Sitakasirika. Maji minye nilizaliwa nayo, aiko maji nilitaka."

"Ulitaka nini?"

Alifikiri kidogo. "Leo nilikula chakula minye sikupika, na sikujua kama chumvi inatosha mpaka ilifika mu kinywa. Tangu uliniowa, njo mara ya kwanza."

Fundi anayepima watu kila siku, na huyu sikuwahi kumpima.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshaulizia gari la kurudi Uvira wakati kapiteni alipobisha hodi kwa shemeji. Mtu uliyekula jogoo wake, alisema, unamrudisha mpaka ulipomchukua. Nikarudi puani mwa boti. Niliogopa vilevile, ila safari hii niliogopa macho yakiwa wazi, nikimshika mke wangu mkono badala ya ubao.

Jumapili, baada ya ibada, Kasenga. Nikampigia Furaha.

"Tutaenda," nikasema.

"Papa! Auogope tena?" Kumbe naye alijua.

"Naogopa sana. Lakini nilimwona mama yako ameikala."

Furaha akasema haelewi. Nikamwambia ataelewa. Nilichojifunza nimeshakisema, ila kuna kingine nilichojifunza saa moja baadaye. Mke wangu alipokunja kitenge kwenda jikoni, nilimwambia akae, nikaingia mwenyewe. Bukari yangu ilikuwa na madonge, chini imeungua, na sombe ile ilihitaji maji mengi ya kunywa.

Alikula yote. Kisha akafuta mikono, akanisogezea simu.

"Piga tena," akasema. "Umuulize Furaha kama ile meli aiwezi kuondoka mbele ya siku yake, hata kesho."