Kompyuta ya Narmin na Minazi ya Mwachala

Narmin Khozema alizaliwa Ngamiani, mjini Tanga, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Mwaka themanini na tatu, rafu zilipobaki na vumbi na jora moja la kaniki, baba alimwambia, "Soma, binti yangu. Hapa hakuna cha kurithi."

Akasoma hasa! Hesabu, kisha kompyuta, na mwaka tisini na nne akarudi Tanga kuchora ramani za pwani kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Hebu fikiria: picha inaingizwa kwenye mashine, na mashine inasema hapa mikoko, hapa shamba, hapa pori.

Kuifundisha mashine ilikuwa kazi yake. Mtoto wa Tanga shamba analijua: mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Basi akaifundisha kwamba penye mistari ni shamba, pasipo mistari ni pori.

Jumatatu moja Bi Mwanasiti wa kijiji cha Mwachala akaingia ofisini, Chumbageni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeiita minazi yangu pori?"

Kwa kuwa ramani ilionyesha pori tupu, mwekezaji alikuwa ameiomba Mwachala yote achimbe mabwawa ya kambamiti. Kikao cha kuamua kilikuwa Alhamisi.

"Kompyuta haikuona mistari, bibi."

"Mistari! Sisi mtoto akizaliwa, kitovu chake tunakizika na mnazi tunaupanda hapo hapo. Ulitaka tuzae kwa mstari?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Narmin masikio yalimwaka moto. Kosa lilikuwa lake.

Laurenti, mkuu wake, akakunja uso. "Ramani imeshagongwa muhuri, dada. Tutachekwa."

"Bora tuchekwe sisi kuliko bibi ahamishwe."

Akaziinamia picha upya na kioo cha kukuzia. Kumbe kila mnazi ulilaza chini kivuli kama nyota! Akaanza kuifundisha mashine kutafuta nyota. Umeme ukikatika, anasubiri. Ukirudi, anaanza tena. Jumatano alasiri ramani mpya ikatoka, minazi mia mbili na kumi na moja.

Kikaoni mwenyekiti akauliza, "Tutaiaminije mashine iliyokosea juzi?"

"Msiiamini," Narmin akasema. "Twendeni."

Wakaenda wote, mwekezaji na viatu vyake vya kung'aa. Bi Mwanasiti akapita mti kwa mti akitaja majina: huu wa Hatibu, huu wa Zuwena, huu wa marehemu Kombo. Narmin akawa anatia alama kwenye ramani. Walipomaliza, bibi alikuwa na mia mbili na kumi na tatu.

"Miwili imejificha chini ya mkorosho," akasema. "Hiyo mashine yako bado mwanafunzi."

Mwenyekiti akacheka, akaichana ramani ya zamani mbele ya watu. Vigelegele vikapasuka Mwachala nzima. Narmin akachukua kalamu, akaongeza nyota mbili kwa mkono kwenye ramani mpya, na mahali palipokuwa pakiitwa pori akaandika: shamba.