Kopeki Tano Chini ya Kisigino

"Panya hali shaba, Turdivoi," alisema Hosiyat. "Anakula mkate, anakula sabuni, akizidiwa na njaa anakula soksi zako. Shaba hali."

Mumewe alisimama karibu na jiko, mikono mgongoni, mithili ya dereva aliyesimamishwa na askari. Alikwisha kusema ni panya. Kabla ya hapo alisema huenda Hosiyat mwenyewe kaihamisha akasahau, na hilo ndilo lililomponza, maana Hosiyat hajapata kusahau sarafu. Siku ya harusi yake alimsahau jina shemeji yake, lakini mpaka leo anakumbuka sarafu alizotunzwa, moja moja, na miaka yake.

Albamu ilikuwa wazi juu ya kitambaa cha chakula, kati ya mkate wa tanuri na sahani ya zabibu kavu. Ukurasa wa mwisho una kifuko kimoja tu, katikati, na kifuko hicho kilikuwa kitupu. Humo ndimo ilimokaa kopeki tano ya mwaka 1970, sarafu adimu ya Kisovieti ambayo wakusanyaji wa Tashkent wakiitaja hushusha sauti kama wanaotaja mgonjwa. Na saa sita Mzee Pak anakuja kuiona.

Huyu Hosiyat si mtu wa kubahatisha. Miaka kumi na minne alikaa kwenye dirisha la chenji la treni ya chini ya ardhi, enzi zile geti lilipokuwa likimeza kopeki tano tu. Watu walimmwagia za kumi, za kumi na tano, za ishirini, naye akawasukumia za tano bila kutazama, huku akifuma soksi. Siku moja, wanasimulia, alimwita bwana mmoja aliyekwisha fika katikati ya ngazi za umeme, akamwambia alichotumbukiza getini ni kifungo, tena cha koti la mkewe, tena mkewe bado anakitafuta. Bwana akarudi, akalipa mara mbili. Asiyeamini akaziulize hizo ngazi, zingali zinapanda na kushuka.

Ile ya 1970 ilimjia ndani ya gunia la sarafu kutoka getini. Vidole viliishika vikakataa kuiachia. Akamwita mkuu wa zamu, akatoa tano yake mwenyewe mfukoni, akabadilisha mbele ya macho yake, kisha akaichukua mpaka nyumbani ndani ya glavu.

Sasa huyo Pak, mhandisi mstaafu, Mkorea wa hapa hapa Tashkent, ndiye mkubwa wa wakusanyaji wanaokutana bustanini kila Jumapili. Kuna benchi moja pale. Wanaume hukaa, na Hosiyat amesimama nyuma yake miaka tisa. Jumapili iliyopita Pak alitangaza mbele ya wote kwamba sarafu ya dada wa chenji ni ya 1976, sita imekwanguliwa ikawa sifuri. Hosiyat akamwambia aje na lenzi yake. Akikuta mkwaruzo, yeye hatakanyaga tena bustani ile. Asipoukuta, Pak atainuka, yeye atakaa.

"Turdivoi," alisema, safari hii kwa upole, na upole wake ndio watu waliouogopa. "Oydin alivaa viatu gani asubuhi?"

Mumewe akatazama dari. Mjukuu wao alikuwa ametoka kwenda kwenye mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, katika joto la Agosti, amevaa viatu vya kufunika vya majira ya baridi.

Hapo yakamwagika yote. Yeye Turdivoi aliweka kopeki tano chini ya kisigino siku ya mtihani wa udereva, iwe bahati, maana tano ndiyo alama ya juu kabisa, akaendesha basi la umeme miaka ishirini na mitano bila kugonga hata mbwa. Mtoto aende mikono mitupu? Na siku hizi tano za zamani utaziokota wapi, isipokuwa kwenye albamu?

"Zimo sitini," alisema Hosiyat. "Sitini, mume wangu. Kwa nini hiyo?"

"Zile zina wenzao. Hiyo ulishaitenga peke yake nyuma kabisa. Nikajua ndiyo huitaki."

Hosiyat aliifunga albamu. Turdivoi, kwa kutaka kusaidia, akashauri wamwonyeshe Pak nyingine yoyote, mzee haoni vizuri. Mkewe akamjibu kwamba hawezi kuiba ng'ombe ili athibitishe kwamba yeye si mwizi. Akaweka birika jikoni.

Pak aliingia saa sita kamili, lenzi mfukoni. Akamiminiwa chai ya kijani, akaambiwa ukweli bila sukari: sarafu iko kwenye mtihani.

Mzee huyo huwafokea watu wakigusa sarafu kwa vidole. Aliposikia kisigino, chai ilimpalia, ikabidi Turdivoi ampige mgongoni.

"Kwa hiyo ikirudi na mikwaruzo," alisema alipopata pumzi, "utasema ni soksi."

"Soksi nimeifuma mimi, haikwaruzi," alisema Hosiyat. "Na soksi haijui kuandika sifuri. Kunywa chai."

"Umejiandalia kisingizio kizuri, Mama Hosiyat."

"Mwenye kisingizio angekupa kikombe na kukwambia imeibwa. Mimi nakwambia iko mguuni, na mguu wenyewe uko njiani. Mtoto haitoi mpaka afike nyumbani, vinginevyo bahati inamwagika."

Pak akazungusha kikombe chake. Alikiri, huku akimtazama Turdivoi kama mtu aliyekamatwa naye, kwamba na yeye chuoni aliweka moja, akafaulu hesabu akafeli kuchora.

Ndipo lango la ua likalia. Hosiyat akainua kidole wasikilize. Juu ya matofali ya ua hatua zilikuja: ya kulia nyepesi, ya kushoto nzito kidogo, yenye kuchechemea.

"Kushoto," alisema, akijimiminia chai. "Ipo. Haijapinda."

"Mama Hosiyat," alianza Pak, akitoa lenzi taratibu, "hata kama nikikuta mkwaruzo, Jumapili njoo—"

Mlango ukafunguka. Oydin akaingia, uso umeiva kwa jua, akaegemea ukuta, akainama kufungua kamba ya kiatu cha kushoto.