Siku Tuliyokuta Chemchemi Imefukiwa

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, niliposhuka bondeni na ndoo yangu nikakuta chemchemi haipo. Nilidhani nimepotea njia. Nipotee vipi? Nilipoletwa kijijini Lufingo nikiwa mwali, mama mkwe alinionyesha maji yale kabla hata ya kunionyesha jiko. Sasa palikuwa na rundo la udongo, miti imelala mizizi juu, na vyura wanarukaruka kwenye matope. Ndoo ikanitoka mkononi.

Tulikuwa tumesikia kwamba kule juu, ng'ambo ya mashamba ya chai, uwanja mdogo wa ndege utarefushwa. Tulipinga, tukaahidiwa mkutano. Mkutano haujaitishwa, tingatinga limekwisha sukumia kifusi chote bondeni kwetu!

Nilipiga yowe, watu wakaja mbio. Mwanangu wa kumzaa, Ambakisye, alitazama, akaondoka. Aliporudi alikuwa na dumu la petroli ya bodaboda yake, na vijana wenzake nyuma.

Aliyesema ni mama mkwe wangu, Tupokigwe, kikongwe wa kutembelea fimbo.

"Ambakisye, weka chini hilo dumu."

"Bibi, wametuzika tukiwa hai!"

"Ukilichoma tingatinga lao, kesho watu watauzungumza moto wako. Maji yetu nani atayazungumza? Hasira hasara, mjukuu wangu. Nendeni mkawaite. Huo mkutano waje waufanyie hapa."

Akaketi juu ya gogo, akagoma kuondoka. Walipokuja viongozi na msimamizi wa kazi, bonde lilikuwa limejaa watu, mpaka wa vijiji vya chini wanaokunywa mkondo huohuo, kila mmoja na ndoo tupu. Msimamizi, kijana wa watu, alishika kichwa.

"Mama, tuliambiwa huku hakuna mtu."

"Na hawa ni nani?" mama mkwe akamuuliza.

Kazi ilisimamishwa, na baada ya mivutano mingi uwanja ukarefushwa kwa upande wa pili, penye nyasi tupu. Kifusi tulikiondoa wenyewe kwa majembe. Maji yalirudi, ila membamba, na ile miti sitaiona tena maishani mwangu.

Mwanangu, ndege si adui yetu. Huenda siku moja ikamwahisha hospitali hata mgonjwa wetu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukisikia ardhi yenu inapimwa, usikae kungoja mkutano wa kuahidiwa. Uitisheni wenyewe mapema, tena palepale penye jambo, macho yaone. Na ukikasirika, shika ukweli wako, usimpe mkosaji kosa la kukushtaki.

Kyala, Mungu wetu, akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, akutulize moyo unapochemka, na wajukuu zako wanywe maji safi ya milima hii.