Krismasi Iliyoingia Uani Kwetu

Harufu ya katani hainipiti hivihivi. Juzi nilipita mbele ya duka la kamba kule Ngamiani, na mara nikawa tena mtoto wa Mwera, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, moyo ukinidunda kama asubuhi ile ya Krismasi.

Mwaka huo mvua za vuli ziliangusha ukuta wa kanisa letu la Kilutheri. Kabla hatujapumua, tela la mkonge likapinduka na kumbana baba mguu. Baba, Mbondei mwenye kifua kipana, ndiye aliyekuwa akiipigia kwaya ngoma. Sasa alilala chumbani, uso kaugeuzia ukutani. Mama akianza kusali, yeye hujifanya kasinzia. Siku moja alimwambia kwamba Mungu akimhitaji, nyumba anaijua.

Asubuhi ya Krismasi sikuwa na gauni jipya, wala jikoni hakukunukia kitu. Nilikaa kizingitini nikijihurumia. Ndipo nikasikia kuimba kunakuja kutoka barabarani, sauti za akina mama juu, besi za wanaume chini. Nikatoka mbio bila viatu. Usharika mzima ulikuwa unakuja kwetu! Wamebeba mabenchi vichwani, na mchungaji kapakiwa nyuma ya pikipiki, kanzu kaipandisha magotini isinaswe na mnyororo. Kwa kuwa kanisa lilikuwa limebomoka, ibada ingefanyika uani kwetu. Mama alikuwa amepanga nao bila kunidokeza.

Nilirukaruka hadi nikamkanyaga bata wa jirani yetu, Bi Mwanahamisi. Mwenyewe alichungulia, nikamwamkia shikamoo huku nikihema, naye akaitika na kurudi ndani. Baadaye alituletea sinia la wali wa nazi na samaki, akisema sikukuu ya jirani haipikwi na nyumba moja.

Wimbo wa kwanza ulipwaya bila ngoma. Mama akaichukua ngoma waliyokuja nayo wanakwaya, akaingia nayo chumbani, akaiweka kitandani karibu na mkono wa baba. Nilimfuata hadi mlangoni.

"Baba Tumaini," alisema taratibu, "ulisema nyumba anaijua. Basi amefika."

Baba aligeuza uso kutoka ukutani. Kisha kidole kikagonga ngozi ya ngoma, kikasita, kikagonga tena. Mkono mzima ukafuata. Uani vigelegele vikapaa! Wanaume wakaingia, wakambeba baba na kitanda chake hadi nje, naye akapiga ngoma akiwa ameegemea mito, jasho na machozi vikichanganyika. Mama alicheza hadi kanga ikamdondoka, nami nikacheza pembeni yake kama kichaa.

Wiki chache baadaye baba alikatwa mguu. Hakurudi tena mashambani. Alijifunza kushona viatu, mama akachoma vitumbua, na kila Jumapili baba alipiga ngoma akiwa ameketi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulifurahi vile kwa kuwa tulidhani baba atapona. Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama aliponiambia kwamba habari ya kukatwa mguu daktari alimpa yeye peke yake, siku moja kabla ya Krismasi. Nikamuuliza aliwezaje kucheza na jambo lile moyoni.

"Kulia nililia, mwanangu, kesho yake," alinijibu. "Lakini siku ile Bwana alikuwa amezaliwa."