Mgeni na Damu ya Badria

Ukitaka kumjua Mgeni binti Seifu, muulize mvuvi yeyote pale Feri aliyewahi kujaribu kumuuzia samaki wa jana. Atakusimulia alivyopewa vidonge vyake mbele za watu. Kwa mdomo huo, na kwa kukaanga samaki kwenye kuni, Mgeni alimsomesha Badria, binti yake wa pekee, wakiishi chumba kimoja Kariakoo.

Halafu koo likaanza kugoma. Kwanza lilikataa ugali, kisha wali, mwishowe hata uji ukawa unapita kwa tabu. Hospitali wakasema ni saratani.

Ndipo akaja Filbert, mtafiti kijana. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta chanzo cha saratani ile: ni kitu watu wanachorithishana kwenye damu, au ni moshi, au chai ya moto kupita kiasi, au vyote kwa pamoja. Akaomba damu ya mgonjwa na ya mtoto aliyemzaa. Badria akakubali kabla mama yake hajatia neno.

Jamani, usingizi ulimkimbia Mgeni. Badria hakumzaa yeye. Alizaliwa na Tatu, shoga yake waliyekaanga naye samaki Bagamoyo, ambaye alifariki siku ya kujifungua. Mgeni alikichukua kile kichanga akahamia Dar, kusudi mtu asije kumtonya mtoto siri hiyo.

Angeweza kukataa damu isitolewe, akanyamaza. Nani angejua? Lakini kila siku alimwona Badria mbele ya kioo, ameshika koo, anameza mate, anameza tena. Mtoto anaogopa na hasemi. Hilo lilimuuma Mgeni kuliko koo lenyewe.

Siku ya kutolewa damu, kwenye kliniki moja Upanga, Filbert alisalimia, "Shikamoo mama," akaanza kufunga mpira kwenye mkono wa Badria.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza," alisema Mgeni. Sauti ilikuwa imemwisha. "Huyu sikumzaa."

Akaeleza yote, habari ya Tatu na ya Bagamoyo, macho yake yakiwa sakafuni. Kisha akamwangalia binti yake.

"Ugonjwa huu huwezi kuurithi kwangu, Badria. Lala usingizi. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa mzima."

Filbert alifungua mpira polepole, hajui aangalie wapi. Machozi yalimtiririka Badria.

"Siku zote hizi namwomba Mungu nisiwe nao," alisema. "Sasa hivi, mama, naona bora ningekuwa nao."

"Astaghfirullah! Funga bakuli lako!" Mgeni alifoka. Alitaka kuendelea kufoka akashindwa, akamvuta kifuani wakalia wote, bila kumwonea mtu aibu.

Badria alijifuta kwa ncha ya mtandio, akamgeukia Filbert.

"Kaka, si umesema mnaangalia na moshi?"

"Ndiyo, dada. Tunawachukua pia waliokaa nyumba moja na mgonjwa, hata kama si ndugu wa damu."

"Basi niandike huko. Moshi wake nimeuvuta maisha yangu yote." Akapandisha tena mkono wa gauni. "Na pale pa jina la mama, andika Mgeni."