Milimita za Mama

Kazi yangu mjini Nyeri ni kuusuta utabiri wa mvua. Wenzangu hutabiri siku kumi zijazo. Siku zikishapita, mimi hulinganisha walichosema na kilichonyesha, kisha naandika walikosea wapi na kwa kiasi gani. Sipendwi sana wakati wa chai.

Huku mlimani, utabiri wa siku mbili si mbaya. Ukifika siku ya sita au ya saba huanza kuyumba, maana wingu laweza kumwaga maji upande mmoja wa kilima na kuuacha wa pili mkavu. Ndiyo maana nilishangaa kuona kwamba katika kituo kimoja, Othaya, utabiri wa siku ya saba ulikuwa ukitimia msimu mzima. Tukisema milimita kumi na mbili, Othaya inajibu kumi na moja. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaandika rasimu ya kuwashauri wakulima wa huko wapande kwa kuufuata utabiri wa wiki nzima.

Kituo hicho ni shamba la mama yangu. Nilimwekea kipima mvua mwenyewe, nikamfundisha kukisoma kila siku saa tatu asubuhi na kunitumia namba kwa simu. Nami, kwa mapenzi tu, nilikuwa nikimtumia utabiri kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jumamosi moja, kabla sijaiwasilisha rasimu, nilienda kumwona. Maharagwe yake yalikuwa yamekauka yakiwa bado na majani mawili mawili. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwa buibui: alikuwa ametanda utando kwenye mdomo wa kipima mvua, na ndani mlikuwa na vumbi tupu. Asubuhi hiyo hiyo mama alikuwa amenitumia milimita tisa.

Hasira zilinipanda, sifichi. Nikamfuata jikoni, alikokuwa akimenya viazi, nikamuuliza mvua ya leo ilinyesha wapi. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mama, hata akiwa yeye ndiye mwenye makosa.

"Mama, walisema kwa redio ati nyinyi watu wa mvua ni waongo," akasema bila kuinua macho. "Sasa mimi ningeandika aje ati haikunyesha?"

Alikuwa amepanda mara mbili kwa neno langu, mbegu zikafa mara mbili, na bado kila asubuhi aliniletea mvua ya kuandika. Nilimweleza polepole kwamba majirani wangepanda kwa kuziamini namba zake, na kwamba mimi nalipwa kujua tulipokosea. Akaweka kisu chini. Akauliza kama nitafutwa kazi. Nikamwambia hapana. Akauliza tena.

Niliporudi mjini nilizifuta namba zake zote, moja moja, na rasimu nikaichana. Nililia pia, maana sijui kama kuna mtu mwingine atakayewahi kunidanganyia hivyo.

Jumatatu saa tatu hakutuma ujumbe. Alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Leo ni sufuri, mama," akaninong'oneza. "Mkubwa wako asisikie."