Krismasi Niliyoingia Shimo Moja na Mama Mkwe

Asubuhi ya siku moja kabla ya Krismasi nilikuwa nimeketi nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, upande wa mashariki wa Ikutha, nakula muthokoi peke yangu kama mbwa wa jirani. Muthokoi ilikuwa tamu, sina neno nayo. Mahindi yametwangwa yakatoka maganda yote, maharagwe yameiva, chumvi iko mahali pake. Lakini mtu akila peke yake nyuma ya nyumba miaka mitatu, hata utamu unachoka.

Ilikuwa miaka ile ya mashifta. Walikuwa wakivuka kutoka upande wa Tana na bunduki, wanachukua ng'ombe, wanarudi. Tulikuwa tunasikia kwamba wamefika kwa fulani, wamefika kwa fulani, na siku zote huyo fulani alikuwa mbali kidogo. Basi tulilima na tukaoana kama kawaida.

Sababu ya kula nyuma ya nyumba ni nthoni. Sisi Wakamba wa zamani, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamsemeshani. Si chuki, ni heshima, ila ni heshima yenye miiba. Inaondoka siku moja tu, siku mkwe anapoleta mbuzi wa kuivunja, akachinjwa, mkamla pamoja. Mchungaji alikuwa amemwambia yule mama mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya giza. Naye akamjibu, "Yesu nimempokea, mchungaji. Mkwe bado."

Kwa hivyo mwaka huo nilileta mbuzi. Mimi ni mtu wa Matiliku, ng'ambo ya mto Athi, na mbuzi huyo nilimtoa kwetu huko, nikatembea naye siku mbili. Beberu mweupe, mnene, mkaidi. Mtoni alikataa maji nikambeba mabegani, akanikojolea shingoni tukiwa katikati. Mimi shule niliishia darasa la pili kwa hiyo hesabu sijui vizuri, lakini najua njia ile ni ndefu zaidi ukiwa unanuka. Sikujali. Kalekye, mke wangu, alikuwa na mimba ya kwanza, na nilitaka mtoto azaliwe akute baba yake anakula ndani ya nyumba kama watu. Hiyo tu ndiyo Krismasi niliyoitaka.

Shemeji yangu Kimeu, kaka yake Kalekye, alikuwa amekuja kutoka kazini kwake kwenye stesheni ya reli. Alileta unga wa ngano na mkebe wa mafuta. Wakati huo chapati zilikuwa kitu cha mara moja kwa mwaka, kama mvua ya huko kwetu, kwa hivyo unga ule ulipokewa na nyimbo. Kimeu alikuwa mtu wa maneno. Alimzunguka mbuzi wangu mara mbili, akamshika mgongo.

"Shemeji, huyu umemleta ama yeye ndiye amekuleta?"

"Tumeletana."

"Amenona kuliko wewe. Labda tukuchinje wewe, yeye tumpe dada."

Kalekye akacheka jikoni mpaka mchi ukamponyoka. Mama mkwe naye nilimsikia akicheka, huko huko ndani nisikoweza kumwona. Kicheko chake nilikifahamu. Sura yake, baada ya miaka mitatu, ningepishana nayo sokoni nisiijue.

Mchinjaji wetu alikuwa rafiki yangu Ndambuki, aliyeoa hapo jirani. Ndambuki alipigana vita vya wazungu huko Burma, na hakuna mtu Ikutha nzima ambaye alikuwa hajaambiwa. Ukimpa chai anakupa Burma. Ukimnyima chai anakupa Burma pia. Siku hiyo alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe huku anatufundisha.

"Mkisikia risasi, msikimbie ovyo. Laleni chini. Mtu wa kukimbia ndiye anayepigwa. Mimi risasi imepita hapa," akagusa sikio, "na sikupepesa."

"Juzi ilikuwa sikio lile lingine," Kimeu akamwambia.

"Zilikuwa mbili."

Kando ya nyumba, Kimeu alikuwa amechimba shimo jipya la choo, kwa sababu mchungaji angekuja kula Krismasi, na la zamani halikuwa la kumwonyesha mtu wa Mungu. Lilikuwa limefika kimo cha mtu, kavu, halijatumiwa. Alikuwa amelichongea hata vidaraja vya kushukia. Tafadhali kumbuka shimo hilo.

Saa tisa mchana mama mkwe alitoka na karai la unga uliokandwa, akakaa kwenye kivuli upande wake wa nyumba. Mimi nikawa upande wangu na mbuzi mkononi, namsubiri Ndambuki amalize kisu na Burma. Kalekye alikuwa karibu na ghala anapepeta maharagwe. Kimeu alikuwa boma, anawapa ng'ombe chumvi.

Risasi ya kwanza nilidhani ni mti umevunjika.

Ya pili nilijua.

Mtu akapiga yowe upande wa kisima. Vumbi likapanda. Kalekye akaingia chini ya ghala na tumbo lake na ungo wake. Ndambuki sikumwona, nilikiona kisu tu, kimelala kwenye jiwe.

Kisha Kimeu akaniita kutoka boma. Lango letu lilikuwa tawi zima la mgunga, lenye miiba, la kuvutwa na watu wawili. Alitaka kuwatoa ng'ombe kwa nyuma waingie kichakani.

"Shemeji! Njoo tushike lango!"

Nilisikia. Nilisikia vizuri sana.

Nilikimbia upande mwingine, na kamba ya mbuzi mkononi, nikajitupa shimoni.

Shimo lilikuwa na mtu.

Alikuwa mama mkwe wangu, ameketi chini na karai lake mapajani. Mbuzi akatuangukia sote wawili. Nilipomwona yule mama nilifanya jambo la kijinga ambalo ni Mkamba tu angelifanya: nilishika kidaraja nipande nitoke nje, kwenye risasi, kwa sababu ya heshima. Risasi nyingine ikalia, heshima ikapungua. Nikageuka nikatazama ukuta. Naye akatazama ukuta wake. Tukaketi mgongo kwa mgongo, mbuzi katikati.

Tukakaa hivyo. Kisha akasema, polepole, na si kwangu.

"Wewe unga, mwambie huyo mtu ananikanyagia shuka."

Nikafikiri. Kuongea na unga hakujakatazwa.

"Unga," nikanong'ona, "mwambie mama nimesikia. Lakini anayekanyaga ni mbuzi."

"Unga, muulize mbuzi ni wa nani?"

"Unga, mwambie ni wa kwake. Nimemletea yeye."

Unga haukusema kitu.

"Unga, mwambie asante. Lakini atoe mguu."

Hapo mbuzi akalia. Mee, kwa sauti ya kumfikia chifu. Huko juu watu walikuwa wakiitana kwa lugha nisiyoijua, na nyayo zinakaribia. Nikamziba mdomo, akaniuma. Mama mkwe, bila kugeuka, akamega donge la unga, akalipitisha kwa nyuma ya bega lake, akalisukuma kinywani mwa mbuzi.

Mbuzi akatafuna. Akanyamaza.

Akameza. Akafungua mdomo.

Donge lingine.

Nyayo zikapita. Mchanga ukatumwagikia kichwani. Nilimsikia mama mkwe akiomba, na katikati ya maombi akimega, na katikati ya kumega akiomba. Chapati za Krismasi za watu ishirini zilikuwa zinaingia ndani ya beberu mmoja.

"Unga," akanong'ona, "mwambie mbuzi wake ni mlafi."

"Unga, mwambie njia ilikuwa ndefu."

Na mimi, katika hofu ile yote, nikaona kwamba mpatanishi wetu analiwa. Kila donge likienda, tunabaki na kidogo cha kuongea nacho. Nikataka kucheka, na nafikiri yeye pia, maana mgongo wake ulitikisika kwenye wangu. Ama alikuwa analia. Mgongo hauelezi.

Kukatokea risasi moja karibu sana, upande wa boma.

Baadaye kwato nyingi, zinakwenda mbali.

Baadaye kimya.

Nikasikia vidole vya mama mkwe vinakwangua karai. Hapakuwa na kitu tena. Mbuzi alikuwa amelala, ameshiba, anapumua kama mzee baada ya sherehe. Mama mkwe akageuka. Nilihisi mgongo wake unaondoka kwangu. Miaka mitatu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina.

"Mutisya."

Nikageuka. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho. Sikuwahi kulijua.

"Kimeu alikuwa anakuita wewe?"

"Ndiyo, mwaitu," nikasema. Ni neno tunalomwita mama mzazi. Lilitoka lenyewe.

Alinitazama kidogo. Kisha akaliweka karai chini, akapanda vidaraja alivyochongewa na mtoto wake, akatoka nje mbele yangu.

Kimeu alikuwa langoni. Tawi lilikuwa limevutwa nusu. Mtu mmoja hawezi kulivuta lote, lakini yeye alikuwa amefikisha nusu. Ng'ombe wote walikwenda.

Ndambuki tulimkuta jioni juu ya mgunga, mahali ambapo hata nyani hupafikiria mara mbili. Kupanda alipanda kwa dakika. Kumshusha kulichukua watu wanne, na miiba tulimtoa hadi kesho yake. Hakuna aliyemcheka. Kesho yake hiyo, na mikono imevimba, alichimba kaburi la Kimeu karibu peke yake, hakukubali kupokewa jembe. Tangu siku hiyo hakutaja Burma tena. Nilimpa chai miaka mingi nikitumaini.

Askari walifika Krismasi yenyewe, wakatuuliza ng'ombe walikuwa na rangi gani, wakala muthokoi yote, wakasema inafaa. Mchungaji alikuja vilevile. Alikuja kula, akazika.

Watu walipokuwa wengi nilimfuata mama mkwe, nikamwambia nimchinje yule beberu tuwape waombolezaji. Alikuwa ameketi mlangoni. Alimwangalia mbuzi kwa muda.

"Huyo amekula chapati zote za Kimeu," akasema. "Mwache."

Nikamwacha. Aliishi hapo, akazeeka, akawa na tabia mbaya, akafa kwa uzee, akazikwa kama mtu. Mtoto wetu alikuwa mvulana, tukamwita Kimeu. Alikuwa akimwona baba yake anakula ndani ya nyumba, haoni ajabu, kwa sababu tangu siku ile sahani yangu aliniwekea mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe, na Krismasi ilipofika tulipika pamoja, mimi nawasha moto, yeye anasukuma chapati. Tuliongea mambo ya mvua, ya maumivu ya magoti, ya wajukuu. Kalekye alizoea kuwaambia wageni, "Huyu wangu siku ya vita alimwokoa mbuzi, mimi akaniacha na ungo," na mama mkwe alicheka kile kicheko chake, sasa nikiwa namwona.

Lakini wazee wenye kujua sheria waliniambia kwamba mbuzi wa nthoni asipochinjwa, nthoni haijavunjwa. Kwa hivyo, kwa sheria, mimi na mama yule hatukuwahi kusemeshana. Miaka yote hiyo ni kama tulikuwa tunaongea na unga.

Mimi naona ni kweli kidogo. Alinipa chakula, aliniita mwana, alinifundisha chapati. Lakini lile swali la shimoni, la kwamba Kimeu alikuwa ananiita mimi, lilikuwa na la pili nyuma yake, na hilo la pili alikufa bila kuniuliza. Kila Krismasi, akinipa sahani, nilikuwa nimelishika jibu.

Bado ninalo.